Uliza kwanza imeokwa kwa moto gani: piza ya Naples, ya Malindi na ya jikoni kwako

Uliza watu watatu wa Mombasa piza nzuri inapatikana wapi na utapata majibu yasiyokaa chungu kimoja. Wa kwanza atakwambia zile za ofa ya Jumanne, ununue moja upate nyingine bure, kuku tikka juu, jibini mpaka inateleza. Wa pili atakwambia hio si piza, panda matatu uende Malindi ukale kwa Waitaliano. Wa tatu ana shemeji yake yuko Milan, alimtembelea akala huko, na tangu arudi kila piza anayoiona Nyali anaikunjia pua. Waache hapo na watabishana mpaka adhana ya alasiri, manake kila mmoja anasifu kitu tofauti na wote wanakiita jina moja.

Mimi naona kuna swali linarukwa hapo, na si la jibini gani wala nyama gani. Ni imeokwa kwa moto gani? Yaani joto kiasi gani, linatokea wapi, na piza imekaa humo muda gani. Ukishalijua hilo mengine karibu yote yanajieleza yenyewe: kwa nini hii ina sukari kwenye donge na ile haina, kwa nini hii ina jibini mbichi ya majimaji na ile ina jibini kavu, kwa nini moja ni ya kula na uma na nyingine unaikunja mkononi ukitembea nayo barabarani.

Tuanze Naples, ndo kunakotajwa kila mtu akitaka kujitapa. Kule kuna chama kabisa, Associazione Verace Pizza Napoletana, kiliundwa 1984 kulinda piza ya pale isichezewe, na masharti yake ukiyasoma utaona mengi ni habari ya moto tu. Tanuri liwe nyuzi 430 hadi 480 hivi za Selsiasi, piza ikae humo sekunde 60 mpaka 90 itoke. Sekunde jamani, si dakika. Donge ni unga, maji, chumvi na hamira bas. Upana usizidi sentimita 35, katikati iwe nyembamba kama milimita mbili na nusu, na ukingo uvimbe sentimita moja au mbili. Mtu anaweza kuona ni ushamba wa sheria lakini ukiangalia kinachotokea ndani ya lile tanuri utaelewa. Kuni zinawaka pembeni, mwali unapanda na kulamba kuba la juu, kuba linarudisha joto chini, alafu sakafu ya matofali inachoma kwa chini. Maji yaliyoko kwenye donge yanageuka mvuke kwa mpigo kabla unga haujapata nafasi ya kukauka, kwa hivo ukingo unafutuka, nje unapata madoa meusi na ndani unabaki laini. Ungeweka sukari humo kwa moto ule ingeungua ikawa masizi. Jibini mbichi inavumilika kwa sababu haikai muda wa kutoa maji yake yote, na nyanya zinapondwa na chumvi zikamwagwa juu mbichi, manake hazitakiwi kupikwa mara mbili.

Matokeo yake katikati inatoka nyororo, imelowa kidogo, ukiinyanyua inaning'inia. Watu wetu wengi wakiwekewa hio mara ya kwanza wanasema haijaiva, na wakati mwingine wanairudisha jikoni. Imeiva. Ndo ilivo, na ndo maana kule kila mtu ana yake sahanini, haijakatwa, kisu na uma, na unaila hapo hapo ikiwa moto. Dakika kumi kwenye boksi na imekufa. Ufundi wa hao wapishi wa Naples uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu 2017, na mimi naona walistahili, kwa sababu kumudu moto ule kwa sekunde chache, ukiizungusha piza kwa koleo upande huu na huu, si mchezo. Ile hadithi ya Malkia Margherita na mpishi Raffaele Esposito mwaka 1889, nyanya nyekundu, jibini nyeupe, majani ya kijani, eti bendera ya Italia, itie chumvi kidogo, kuna wanahistoria wanaitilia shaka hata barua inayotumika kama ushahidi.

Na hata Naples penyewe moto ukikosekana piza inabadilika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mji umepigwa mabomu, jibini ghali, matanuri shida, watu wakaanza kula kwa wingi ile piza ya kukaangwa: donge linakunjwa na kitu ndani, linatumbukizwa kwenye mafuta. Kina mama walikuwa wanaiuza mlangoni kwa deni, kula leo lipa baada ya siku nane. Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa zaidi hapo, karai la mafuta nje ya mlango tunalijua sisi.

Sasa piza ikavuka bahari. Lombardi's ya New York inahesabiwa piza ya kwanza ya mkahawa Marekani, 1905, na kule walichoma makaa ya mawe. Baadaye yakaja matanuri ya gesi ya sakafu pana, rahisi kuyaendesha lakini moto wake mdogo, nyuzi 260 hadi 315 hivi, na hapo ndo kila kitu kikabidi kibadilike. Piza inakaa dakika kadhaa badala ya sekunde tisini, kwa hivo donge la Naples lingekauka, basi unaongeza mafuta libaki laini na sukari kidogo lipate rangi. Jibini mbichi ingemwaga dimbwi, basi unatumia mozzarella kavu ya kukwaruza. Kinachotoka ni piza kubwa, nyembamba, imara, unakata vipande, unauza kimojakimoja, mteja anakunja kwa urefu anakula akitembea. Chicago wakaenda mbali zaidi, pale Pizzeria Uno kuanzia 1943, donge limepandishwa kwenye kuta za sinia lenye kina, na kwa sababu inakaa ovenini nusu saa na zaidi jibini inalala chini na nyanya zinakaa juu, ukigeuza mpangilio jibini inaungua. Watu wanaona ni mbwembwe lakini ni moto tu umewaamulia. Detroit nao 1946 wakaanza ya mstatili kwenye trei za chuma, jibini imefika mpaka pembeni ikaungua ikawa ngozi ya kahawia, na mimi hio pembe ndo ningegombania.

Zile piza za maduka makubwa hapa mjini, za ofa, ni wajukuu wa hio Marekani, si wa Naples. Zinapita kwenye oveni yenye mkanda unaotembea, piza inaingia huku inatokea kule imeiva, hewa moto inapulizwa juu na chini, kijana hata haangalii. Donge nene lenye mafuta na sukari, limetengenezwa kubeba mzigo: kuku tikka, kima, soseji, pilipili boga, mahindi, sosi ya choma imechorwa juu. Ukiuweka mzigo huo juu ya donge la Naples litapasuka katikati kabla hujafika mezani. Kwa hivo anayesema hio si piza anakosea, na anayesema inaipiku ya Italia anakosea pia. Mimi nikiwa na watoto wanne na njaa ya jioni siendi kutafuta tanuri la kuni, nanunua hio ya ofa na natia pilipili ya ukwaju juu yake na sitaki kuhubiriwa.

Malindi ni hadithi nyingine na inaanzia angani, ukitaka kucheka. Miaka ya sitini Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na mtambo wa kurushia ukawa baharini kwenye jukwaa la San Marco. 1967 wakarusha satelaiti ya kwanza kutoka pale, na tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka ile ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Wahandisi wakaja, jamaa wakafuata, wakapenda bahari, wakajenga nyumba na mahoteli, na Mitaliano hakai mahali bila kutafuta unga na nyanya. Matokeo yake Malindi na Watamu unakuta vijana wa Kigiriama na Kibajuni wanaozungumza Kitaliano kama wamezaliwa nacho, na wapishi waliojifunza kunyoosha donge kwa vidole, si kwa kusukuma kama chapati, na hio tofauti ni kubwa kuliko unavofikiri manake mpini wa kusukumia unafinya hewa yote kwenye ukingo. Ukikuta mkahawa wenye tanuri la kuni linalowaka kweli, si la pambo, hio ni kama kilomita 120 tu kutoka Mombasa na unaweza kupata kitu cha karibu sana na Naples. Angalia moto kabla ya kuangalia menyu. Tanuri likiwa limepoa na piza inatokea jikoni nyuma, ujue unalipia mandhari ya bahari.

Roma nitaipita haraka: kule ya mezani ni nyembamba inayokatika kwa mlio, na ya mitaani inaokwa kwenye trei ndefu, inakatwa kwa mkasi na kupimwa kwenye mizani, unalipa kwa uzito. Hio ya trei iweke akilini kwa sababu ndo inatuleta nyumbani.

Oveni zetu za gesi za kusimama, zikijikaza sana zinafika 250, na nyingi moto wake uko chini peke yake. Kwa hivo kuchukua resipi ya Naples ukaifuata kwa oveni hio ni kujitafutia kigae: dakika kumi na mbili ndani, donge halina mafuta, maji yote yameondoka, chini ngumu juu nyeupe. Fuata moto ulio nao. Tengeneza ya trei, nene kidogo, yenye mafuta, na itakuwa tamu kweli, ama kama unaitaka nyembamba basi hama oveni uende kwenye chuma.

Chuma kile cha chapati, kizito, ndo siri ambayo karibu kila nyumba ya Mombasa inayo. Tofali linapitisha joto polepole, ndo sababu piza ya Naples haiungui chini juu ya sakafu yenye moto ule mkali. Chuma kinapitisha joto kwa kasi kubwa zaidi, kwa hivo chuma cha nyuzi 250 kinaichoma piza kwa chini kama vile umeiweka juu ya tofali lenye moto mkali zaidi. Kipashe kwenye gesi mpaka tone la maji likiangukia linaruka, laza donge lililonyooshwa, paka nyanya na jibini haraka, dakika mbili tatu chini kushapata madoa. Shida inabaki juu. Mwenye grili anaingiza chini ya grili amemaliza. Asiye na grili, jamani, tunasahau kitu tulichokulia nacho: kupalia makaa. Mkate wa kumimina unaivaje juu? Wali wa nazi unakaukaje vizuri? Mfuniko wa bati, makaa mekundu juu ya mfuniko, moto mdogo chini moto mwingi juu. Kuba la tanuri la Naples linafanya kazi hio hio, linashusha joto kutoka juu. Funika chuma na mfuniko ulioinuka usiguse jibini, palia makaa, na ndani ya dakika chache jibini inachemka na ukingo unapata rangi. Haitafika nyuzi 450, lakini itaipiku oveni ya moto wa chini tu kila siku.

Kwenye donge kuna jambo moja resipi za intaneti hazikwambii kwa sababu waandishi wake hawakai hapa. Wakisema liache saa mbili nje liumuke, nje yao ni nyuzi ishirini na kitu. Jikoni kwetu mwezi wa Februari ni thelathini na zaidi, na joto likipanda nyuzi kumi hamira inakimbia karibu maradufu, anayepika mahamri analijua hili bila kuambiwa na mtu. Saa mbili hapa donge lishapita, linanuka pombe, likinyooshwa linachanika. Kwa hivo punguza hamira na tumia friji. Gramu 500 za unga, mililita 320 za maji ya baridi, vijiko viwili vya chai vya chumvi visivyojaa, vijiko viwili vya mezani vya mafuta, na hamira ile ya chenga robo kijiko cha chai tu, utaona ni kidogo na roho itakuuma lakini acha hivo hivo. Kanda, funika, tia friji usiku kucha hata siku mbili, litoe saa moja kabla ya kupika. Ule usiku una faida ya pili: wanga unavunjika taratibu ukawa sukari, na sukari hio ndo inalipa donge rangi ya kahawia kwenye oveni yenye moto mdogo. Ndo maana la haraka haraka linatoka limepauka.

Unga wa ngano mweupe wa kawaida wa chapati unatosha, usijitese kutafuta ule wa Italia wa sifuri mbili, hizo sifuri ni habari ya unga ulivosafishwa pumba, si nguvu ya unga. Atta peke yake sikushauri, pumba zake zinakata zile nyuzi za donge na halivimbi. Nyanya za soko la Kongowea ni nzuri, lakini zina maji, zikwaruze, zichuje, tia chumvi na mafuta ya zeituni ukipata, uziache mbichi. Najua kuna mama mkubwa kila nyumba atakayetaka kuzikaanga na kitunguu na thomu na dania mpaka mafuta yajitenge, na mchuzi utakuwa mtamu, lakini hio tena ni mkate na mchuzi wa kima. Jibini nunua mozzarella ya kipande ngumu ukwaruze mwenyewe. Ukipata ile mbichi ya kuogelea kwenye maji, ikate na uichuje kwenye chujio saa kadhaa kabla. Cheddar changanya kidogo kwa ladha bas, haivutiki na ikipata moto mrefu inatoa mafuta. Na kuku apikwe kabla, asiingie mbichi, piza haina muda wa kumwivisha.

Ya kuletewa na boda ina kesi yake. Ndani ya boksi mvuke hauna pa kwenda, unarudi kwenye donge, na unyevu wa hewa yetu hausaidii, kwa hivo piza iliyovuka feri ya Likoni ikiwa nyembamba itafika kitambaa. Agiza nene kwa safari. Ikishapoa usiitie maikrowevu, iweke kwenye kikaango moto wa wastani bila mfuniko dakika mbili chini kukauke, alafu dondoshea matone ya maji pembeni, funika dakika moja, jibini inayeyuka tena.

Ukisafiri na ukataka kulinganisha kwa haki, agiza margherita kila unapokwenda, manake nyanya, jibini, donge, hakuna pa kujificha. Geuza kipande uangalie chini: madoa meusi yaliyotawanyika ni moto mkali wa muda mfupi, kahawia ya sare ni moto mdogo wa muda mrefu, na zote mbili ni sawa ila weupe si sawa popote. Kata ukingo, matundu makubwa makubwa yanakwambia donge lilipewa muda. Alafu ile ya kuni ilinganishe na ya kuni, ya trei na ya trei. Piza ya Zanzibar pale Forodhani iache nje kabisa ya mashindano, ile ni ndugu yake mkate wa nyama wetu, ukoo wa mutabbaq ya Waarabu, chapati iliyokunjwa na kima na yai ikakaangwa, tamu sana lakini haina uhusiano na Italia zaidi ya jina. Kuhusu nanasi sina ugomvi, alizianzisha Sam Panopoulos huko Kanada 1962, na Sweden wanaweka ndizi na kari, kila mtu na mdomo wake. Mimi nanasi na pilipili nakula.

Kwa Muislamu Italia inataka umakini. Salami, prosciutto, speck, hata ile soseji ya watoto wanayoiita wurstel, kwa kawaida ni nguruwe, na piza inayoitwa diavola ina salami ya pilipili. Jibini ya Parmigiano inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hivo anayelichunga hilo aulize pia. Ya tuna na vitunguu iko karibu kila mkahawa. Na ukitaka isiyo na shaka hata chembe kuna marinara: nyanya, thomu, oregano na mafuta ya zeituni, haina nyama, haina jibini, na licha ya jina lake haina hata samaki, na mara nyingi ndo ya bei ya chini kabisa kwenye menyu.